Maswali ya Wasomaji: Vibao vya Kuwaelekeza Wasafiri Kwenye Vivutio

Safu ya toleo hili tumeitenga kwa barua zinazohusu vibao vya barabarani vinavyowaelekeza wasafiri kwenye vivutio vya utalii. Barua tumezifupisha, lakini hoja za waandishi wake tumeziacha kama zilivyo.

Ndugu Mhariri, tulisafiri kifamilia kwa gari tukikusudia kupitia kivutio kimoja kilicho kando ya barabara kuu. Tulikuja kushtuka tumeshapita, kwa sababu kibao kilikuwa pale pale penye kona, na nyuma yetu kulikuwa na basi, hivyo mume wangu hakuthubutu kufunga breki. Je, hakuna utaratibu unaotaka kibao kiwekwe mapema? (Msomaji, Dodoma)

Dada yetu, mumeo alifanya jambo la busara kuendelea na safari. Utaratibu upo, na unafahamika kwa kila mhandisi wa barabara: kibao cha penye kona ni cha pili kwa mpangilio, na kikisimama peke yake basi kazi imefanyika nusu.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hapo ndipo vibao vingi vinapoharibika. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Kanuni inayotumiwa na wahandisi wa Marekani hukadiria kwamba kila sentimita moja ya kimo cha herufi humwezesha dereva kusoma kutoka umbali wa mita 3.6 hivi. Kwa hiyo herufi ya sentimita 5, ambayo fundi huichora ili maneno yote yaenee kwenye bati lake, husomeka ukiwa umebakiza mita 18, yaani chini ya sekunde moja kabla hujakipita kibao. Herufi ya sentimita 25 husomeka kutoka mita 90, na hapo dereva anapata sekunde nne, ambazo zinatosha kusoma jina na umbali na kuona mshale unaelekea wapi.

Akishasoma, dereva anahitaji nafasi ya kuamua, kutazama kioo, kuwasha indiketa na kupunguza mwendo bila kumshtua aliye nyuma yake. Kutoka kilomita 80 kwa saa hadi mwendo wa kuingia barabara ya vumbi, shughuli hiyo hula karibu mita 170 hata kwa gari dogo lenye breki nzima, na gari lililobeba mzigo huhitaji zaidi. Ndiyo maana kibao cha kwanza huwekwa mita mia kadhaa kabla ya mchepuko, kikitaja jina la mahali na umbali uliobaki kufika kwenye kona. Cha pili ni hicho cha penye kona, chenye mshale. Cha tatu, ambacho husahauliwa kuliko vyote, huwekwa ndani ya mchepuko wenyewe, ili mgeni aliyekwisha kuiacha lami ajue kwamba hajapotea na kwamba zimebaki kilomita kadhaa.

Wewe unatoka Dodoma, kwa hiyo barabara ya kwenda Babati unaijua. Kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi, na gari lililopita kijiji cha Kolo, wilayani Kondoa, lilipita polepole, hivyo hata kibao kidogo kingeweza kusomwa na kila abiria. Lami ilipokamilika na barabara kuzinduliwa mwaka 2018, magari yalianza kupita pale kwa mwendo ambao hapo awali haukuwezekana. Barabara ikijengwa upya, vibao vyake vyote vinapaswa kupimwa upya kwa mwendo mpya, na kazi hiyo iingizwe katika mkataba wa ujenzi badala ya kuachiwa kituo cha malikale ambacho bajeti yake ni ndogo. Kwa Kolo jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa michoro ya miambani ya Kondoa iko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006, na mgeni hawezi kwenda moja kwa moja mlimani: huanzia kwenye ofisi ya malikale pale Kolo, ndipo apatiwe mtu wa kumwongoza. Kibao cha mahali kama hapo kinapaswa kutaja ofisi waziwazi, kwa sababu anayeikosa ofisi ameikosa na michoro.

Ndugu Mhariri, kwa nini vibao vya hifadhi na makumbusho ni vya rangi ya kahawia, wakati vya kuelekeza miji ni vya kijani au bluu? Nimeona pia baadhi ya watu wakiitumia rangi hiyo kutangaza biashara zao. (Msomaji, Morogoro)

Rangi ni taarifa inayomfikia dereva kabla ya herufi. Akiwa bado mbali mno kusoma jina, tayari anajua kwamba kibao kile cha kahawia kinahusu mahali pa kutembelea, na kama ana haraka ya kufika Mbeya anaweza kukiacha bila kupoteza hata nukta moja ya umakini wake. Anayetafuta kivutio naye huanza kupunguza mwendo mapema. Ufaransa ilianza katika miaka ya 1970 kuweka mabango ya kahawia kando ya barabara zake za kasi, yakiwa na michoro iliyobuniwa na msanii Jean Widmer. Uingereza ilivijaribu vibao vya namna hiyo katika jimbo la Kent mwaka 1984 kabla ya kuvieneza kwingine. Na Marekani huitumia rangi hiyo kwa hifadhi, maeneo ya mapumziko na ya utamaduni. Nchi za SADC, yaani jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, nazo, Tanzania ikiwa mojawapo, zina mwongozo wa pamoja wa alama za barabarani ambamo kahawia yenye maandishi na michoro myeupe ndiyo rangi ya utalii.

Kuhusu wanaotangaza baa na maduka kwa rangi hiyo, ninakubaliana nawe kwa moyo wote. Rangi ikishazoeleka kuwa ya kila kitu, dereva huacha kuiamini, na hasara inamwangukia yule mlinzi wa makumbusho ya kijijini ambaye kibao hicho kimoja ndicho tangazo lake pekee.

Kwa kuwa unaandika kutoka Morogoro, niongeze jambo kuhusu Mikumi. Barabara kuu ya kwenda Iringa hupita katikati ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, na humo kuna vibao vya kila namna: vya mwendo, vya tahadhari ya wanyama, vya kuelekeza langoni, na bango linaloorodhesha faini ya kila mnyama atakayegongwa. Bango hilo ni la maana sana, lakini ni la kusomwa na aliyesimama. Hakuna dereva awezaye kupitia orodha ndefu ya wanyama na viwango vya faini huku gari likienda, wala hapaswi kujaribu mahali ambapo twiga anaweza kujitokeza wakati wowote. Mabango ya maelezo yana nafasi yake, nayo ni penye eneo la kuegesha au penye lango; kandokando ya lami pabaki vibao vya maneno machache.

Ndugu Mhariri, kikundi chetu kijijini, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kinatunza njia ya kwenda kwenye maporomoko ya maji. Wageni wanatuambia wamezunguka sana kabla ya kutufikia. Tunataka kuweka vibao vyetu. Tuanzie wapi, na tuandike nini? (Msomaji, Moshi Vijijini)

Ndugu yangu, hongereni kwa kazi hiyo, na ninaomba mfuate utaratibu hata kama utawachelewesha kidogo, kwa sababu kibao kilichosimikwa bila kibali kinaweza kung'olewa mkiwa mmeshamlipa fundi.

Kwanza jueni barabara mnayotaka kuweka kibao ni ya nani. Barabara kuu na za mikoa zinasimamiwa na TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Za wilaya na za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu ikawa mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati, na ndani ya eneo hilo hakuna mtu anayeruhusiwa kuweka kitu chochote bila kibali cha wenye barabara. Barua yenu ipitie serikali ya kijiji na halmashauri ili ifike ikiwa na mihuri inayostahili, iambatane na mchoro wa kibao na mahali hasa mnapotaka kisimame, nanyi muulize mapema kuhusu ada. Ombeni pia kwamba kibao cha barabara kuu kiwekwe na wakala wenyewe kama alama rasmi ya utalii, kwa sababu tofauti kati ya alama rasmi na tangazo ni kubwa: alama rasmi huingia katika kumbukumbu za barabara, na ikigongwa na lori yuko mtu mwenye wajibu wa kuirudisha.

Kuhusu maandishi, jina la mahali, umbali kwa kilomita, mshale, na mchoro mmoja wa maporomoko vinatosha. Namba za simu, orodha ya huduma na maneno ya kujisifu viacheni. Mkipata mfadhili wa kulipia kibao, shukuruni, lakini msikubali nembo ya bidhaa yake ichukue nusu ya bati, kwa maana vibao vya namna hiyo viko vingi kandokando ya barabara zetu, ambavyo msafiri huona soda kutoka mbali na jina la mahali halioni hata akikaribia.

Umbali mtakaouandika uwe wa kweli. Kuna watu huandika kilomita 2 mahali pa kilomita 5 ili kumvutia mgeni, na mgeni huyo hufika amechoka, amekasirika, na akirudi kwao hamwambii mtu kitu chema. Kama sehemu ya mwisho ni ya kutembea, andikeni hivyo, pamoja na muda wa kutembea kwa mtu wa kawaida badala ya kijana wa kijijini anayepanda kilima kile kila siku akiwa na ndoo kichwani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ninalisisitiza kuliko yote niliyokwisha kusema. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro njia hugawanyika kila baada ya hatua chache, katikati ya migomba na mibuni, na kila njia inafanana na nyingine. Kibao kizuri kule chini kwenye lami hakimsaidii mgeni aliyesimama penye njia panda ya nne huku hakuna mtu wa kumuuliza. Mtu aliyezaliwa hapo hawezi kuziona njia panda hizo, kwa sababu miguu yake inazijua. Mtafuteni mtu ambaye hajawahi kufika kijijini kwenu, mwacheni atangulie kutoka barabarani bila kumwambia lolote, nanyi mfuateni mkiwa na daftari: kila mahali atakapositasita, hata akichagua njia sahihi, ndipo panapohitaji kibao. Huko ndani si lazima viwe vikubwa, maana mtu anatembea. Ubao mdogo wenye mshale na rangi ile ile ya kule barabarani unatosha, mradi usikosekane hata mmoja katikati ya mfululizo. Mfululizo uliokatika humwacha mgeni pabaya kuliko kama asingeelekezwa kabisa, kwani ameshakwenda mbali akiwa na imani.

Baada ya masika mpite tena na panga. Majani ya mgomba hukua haraka, na kibao kilichowekwa mwezi wa pili huweza kufunikwa chote ifikapo mwezi wa sita.

Ndugu Mhariri, vibao huku kwetu huibwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Kuna dawa gani? (Msomaji, Vwawa)

Mwizi wa kibao hataki kibao, anataka bati na nguzo. Nguzo za bomba la chuma zinaweza kubadilishwa na za zege, ambazo hazina soko, ingawa karibu kabisa na barabara ya kasi nguzo ngumu ni hatari kwa gari litakaloacha njia, hivyo zifae zaidi kwenye michepuko. Bati lenyewe likitobolewa matundu kabla ya kubandikwa maandishi halimfai tena mtu wa kuezekea wala wa kutengeneza sufuria. Mahali pengine hutumia plastiki ngumu. Boliti ziwe za kukatika kichwa zikishakazwa, ili spana ya kawaida isizifungue.

Msisahau pia kwamba kinachokifanya kibao kisomeke usiku ni ile karatasi ya kuakisi mwanga iliyobandikwa juu yake, ambayo ndani yake mna vishanga vidogo vya kioo au vipande vinavyorudisha mwanga wa taa za gari kwa dereva mwenyewe. Vibao vingi vinavyodhaniwa kuwa vizima vimekufa kwa namna hiyo: mchana vinasomeka, usiku ni vyeusi. Vikaguliwe kwa taa za gari baada ya jua kuzama.

Huko kwenu Mbozi mna kimondo chenye urefu wa takriban mita 3, mojawapo ya vimondo vikubwa vinavyojulikana duniani, na kituo chake kiko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Kwa kivutio cha hadhi hiyo ni vyema serikali za vijiji vinavyopakana na mchepuko zikakabidhiwa rasmi ulinzi wa vibao, kwa maandishi, na zipewe sababu ya kuvijali, kama vile nafasi ya vijana wao kuuza chakula na vinywaji kwa wageni.

Ndugu Mhariri, kwa nini vibao vingi vya vivutio huandikwa Kiingereza peke yake, kana kwamba sisi si wageni? (Msomaji, Tanga)

Una haki kabisa ya kuuliza. Kivutio ni cha wananchi kwanza, na mwalimu anayewapeleka wanafunzi wake kwenye Mapango ya Amboni, kilomita chache tu kutoka Tanga mjini, anastahili kuongozwa kwa lugha anayofundishia. Kiswahili kiwe juu, Kiingereza chini yake, na mchoro pembeni kwa asiyesoma lugha yoyote kati ya hizo. Hoja ya kwamba lugha mbili hujaza kibao ina uzito penye maneno mengi, lakini jina na umbali havihitaji tafsiri ndefu. Tahajia ya jina nayo iwe moja kwenye vibao vyote, kwenye ramani na kwenye tiketi; Oldupai na Olduvai, au Gede na Gedi, zikichanganywa njiani, mgeni huweza kudhani ni mahali pawili.

Ndugu Mhariri, siku hizi kila mtu ana ramani kwenye simu. Kuna haja gani ya kutumia fedha za umma kwa vibao? (Msomaji, Malindi)

Kaka, simu humfikisha anayejua anakokwenda. Inahitaji uandike jina la mahali, na huwezi kuandika jina ambalo hujawahi kulisikia. Watu wengi wanaotoka Iringa kwenda Mbeya hawajapanga kusimama popote. Kilomita 20 hivi baada ya mji, mchepuko mfupi tu kutoka barabara hiyo, iko Isimila, ambako wachunguzi wa mambo ya kale walichimba mwaka 1957 na 1958 wakakuta zana za mawe kwa wingi, na ambako mmomonyoko umeacha nguzo za udongo zilizosimama bondeni, ndefu kuliko nyumba. Msafiri aliyekiona kibao kwa wakati, na akasoma kwamba ni mwendo wa dakika chache, anaweza kusema na aliye kando yake, "Tupitie." Hakuna ramani ya simu iliyomuuliza swali hilo. Ukienda upande mwingine wa Iringa, kwenye barabara ya Hifadhi ya Ruaha, wageni hupita kando ya Kalenga wakikimbilia simba na tembo, bila kujua kwamba hapo limehifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954.

Huko kwenu mambo ni yale yale. Magofu ya Gede yako karibu sana na barabara ya Mombasa kwenda Malindi, na mwaka 2024 yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Fikiria idadi ya matatu na magari ya familia yanayopita pale kila siku kuelekea ufukweni. Ni wangapi kati yao wangesimama saa moja kama wangeambiwa barabarani, kwa herufi kubwa, kwamba nyuma ya miti ile uko mji mzima wa mawe wenye msikiti na jumba la kifalme?

Ramani za simu zina kasoro nyingine ambayo wenyeji huijua vizuri. Huchagua njia fupi, na njia fupi huweza kuwa ya ng'ombe, au inayopita mtoni, au iliyofungwa tangu mvua za mwaka jana. Tena mtandao hukatika hasa kule vivutio vilipo. Fedha za vibao ni kidogo ukizilinganisha na gharama ya kuitengeneza barabara yenyewe, na kwa maoni yangu ni katika matumizi yenye faida ya haraka kuliko yote katika utalii wa ndani.

Ndugu Mhariri, kibao cha Ikweta pale Kayabwe kwenye barabara ya Masaka kimekuwa kivutio chenyewe, na watu husimama barabarani kupiga picha. Tufanyeje ili wasigongwe? (Msomaji, Kampala)

Hali kama hiyo iko pia Nanyuki nchini Kenya, ambako kila gari la wageni husimama penye kibao cha Ikweta. Watu wataendelea kupiga picha, na ni furaha yao halali, kwa hiyo mazingira ndiyo yapangwe kwa ajili yao. Eneo la kuegesha liwe pande zote mbili za barabara ili mtu asilazimike kuvuka na watoto, na liwe na njia ya kuingilia iliyotengwa na ya kutokea. Alama ya kuegesha iwekwe mita mia kadhaa kabla, kwa wanaotoka Kampala na kwa wanaotoka Masaka, pamoja na tahadhari ya watembea kwa miguu na kikomo cha mwendo. Wauza vinyago wapangiwe nyuma ya eneo hilo, kwa kuwa mnunuzi husogea kinyumenyume akitazama bidhaa, na meza zikiwa kando ya lami mgongo wake huishia barabarani. Alama ya kupigia picha isogezwe ndani, juu ya mstari ule ule, hatua nyingi kutoka magari yanapopita.